Mjomba, Bandama Ilikudanganya

Mjomba Deo,

Kesho ni arobaini yako. Mkeo, Mama Yustina, ameshapeta mchele, majirani wameleta kuni, na mdogo wako Sabas amepita nyumba kwa nyumba hapo Magamba akitangaza kwamba misa ikiisha kutakuwa na kikao cha ukoo. Ajenda ni mimi. Mimi na kamba zangu.

Nakuandikia asubuhi hii nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo hapa Kashaulili, mteja wa kwanza hajaingia bado. Nakuandikia kwa sababu nilikudanganya. Nilikudanganya ukiwa kitandani, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko, na wewe uliyekuwa humwamini mtu yeyote ukaniamini mimi. Kesho ni lazima niamue kama mkeo naye aendelee kuuamini uongo huo huo. Nitafika huko. Ila kwanza niache nikukasirikie, maana siku zote hizi nimelia tu, na hasira sikupata pa kuiweka. Msibani huruhusiwi kumkasirikia marehemu. Watu wanakuletea uji na kukuambia alikuwa mtu mwema.

Ulikuwa mtu mwema. Ulikuwa pia mtu mgumu kuliko mti wa mninga, na mdomo wako ulikuwa na makali kuliko kisu chako.

Mama aliponileta kwako nimemaliza darasa la saba, hukuniuliza hata kama nimekula. Ulinipeleka bandani. Ukachukua kiganja changu ukakibandika nyuma ya sikio la nguruwe ukaniambia, "Hapo ndipo anaposemea." Ukanifundisha kutazama mkia, kutazama kinyesi, kusikiliza kikohozi cha asubuhi. Mpaka leo nikiingia kwenye banda la mtu, mkono wangu unakwenda wenyewe nyuma ya sikio. Nilipokwenda kusomea cheti cha mifugo, mwalimu alishangaa niliyajua wapi hayo. Nilimwambia nina mjomba. Nilisema kwa majivuno, Mjomba, nataka ulijue hilo.

Lakini somo lako kubwa lilikuwa bandama. Sheria yako ilikuwa fupi na Magamba nzima waliijua: nguruwe akikataa pumba mara mbili, kisu. Usingoje ya tatu. Homa ya nguruwe haina dawa, haina chanjo, ikiingia kijijini inamaliza mabanda yote kabla hujajua ilipitia wapi. Na kwa kuwa homa ile haimdhuru mtu, nyama inalika. Basi unamchinja angali amesimama, unampasua, unaingiza mkono mtupu, unaitoa bandama, unaiminya kwa kidole gumba mbele ya watu. Ikiwa nyembamba na ngumu, mnacheka, mnakula. Ikiwa imevimba, nyeusi, inabonyea, unaiinua juu watu waione, na kila mmoja anakwenda kwake kunoa kisu. "Bandama haidanganyi," ulikuwa unasema. Watu walikuamini kuliko walivyomwamini daktari yeyote, maana wewe uliwaonyesha kitu cha kushika.

Mimi nilikuuliza siku moja, nikiwa bado binti mdogo, kwa nini ili tujue anaumwa nini ni lazima afe kwanza. Ukanijibu, "Maswali ya nini? Shika karai." Nikashika karai.

Ndiyo maana yule dada mtafiti alipokuja dukani akitafuta mtu wa kumtembeza kwa wafugaji, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Alikuwa amekuja na jibu la swali langu ndani ya mfuko. Kamba ya pamba, nyeupe, unaining'iniza kwenye mlango wa banda usawa wa bega la nguruwe. Nguruwe hawezi kuacha kitu kipya, atakitafuna tu. Ikishalowa unaikamua kwenye mfuko wa nailoni, mate yanaingia kichupani, kichupa kinaingia kwenye deli la barafu, deli linapanda basi kwenda maabara. Kila banda kamba yake mpya, na iliyotumika tunaichoma moto palepale. Kuna damu pia, kidogo tu, ya shingoni, ya kulinganisha na mate. Hakuna kisu. Mnyama anabaki anakoroma.

Wiki ya kwanza tulifanya Misunkumilo. Wiki ya pili, Jumatatu, nikamleta kwako. Nilitaka kumleta kwako hasa, Mjomba. Nilidhani utafurahi.

Nilikueleza vizuri, kwa heshima, mbele ya majirani waliokuja kushangaa. Nilisema mwili wa mnyama ukivamiwa na bakteria, ini linatengeneza protini fulani kwa wingi, zinajaa kwenye damu, na kuna nyingine zinazoonekana mpaka kwenye mate, siku mbili tatu kabla hajakataa chakula. Nilisema hazikutajii jina la ugonjwa, ila zikipanda sana unajua ndani kuna moto, na mara nyingi moto huo ni wa bakteria, na bakteria wana sindano yao. Kwa hiyo unaita daktari, huiti mchinjaji. Na maabara hiyo hiyo itatazama pia kama homa ya nguruwe ipo au haipo.

Ulinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Kisha ukasema, "Yaani nguruwe anakula, ananenepa, anakoroma vizuri, halafu mate yake ndiyo yanajua kwamba anaumwa?" Watu wakaanza kucheka. Bi Harusi, lile jike lako kubwa ulilolipenda kuliko wajukuu, alikuwa ameshaitafuna kamba yake na tumeshaikamua. Ukaichukua kabla hatujaichoma, ukanivalisha shingoni. "Haya jamani, mpigieni makofi. Nilimfundisha kusoma bandama, akaenda shule, amerudi kuchota mate. Bibi Mate!"

Makofi yakapigwa. Mate ya Bi Harusi yakaniingia ndani ya kola, na mimi nikacheka na wote, nikapiga hata makofi mawili. Kuna watu mpaka leo wakiniona sokoni wananiita Bibi Mate. Baada ya mazishi yako wameendelea kuniita hivyo, kwa upole, wakidhani wananifariji.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi.

Alhamisi saa tisa mchana ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa yule dada. Naujua kwa moyo. "Leokadia, sampuli za Mjomba wako: homa ya nguruwe HAIPO. Protini ziko juu sana kwenye mate na kwenye damu ya jike kubwa, inaelekea ni bakteria. Wasichinje. Mwite daktari wa mifugo wa kata apige sindano. Anayewashika avae glavu, hasa mwenye kidonda."

Nikausoma mara mbili. Namba yako ndiyo ya kwanza kwenye simu yangu, hata leo, sijaifuta. Kilikuwa kitu cha kubonyeza mara moja.

Sikubonyeza. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilitaka karatasi. Nilijiambia, Mjomba haamini simu, Mjomba anaamini kitu cha kushika, basi nitamletea kitu cha kushika. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli ni kwamba nilitaka wale watu. Nilitaka nisimame mahali pale pale uliponivalisha kamba, mbele ya wale wale waliopiga makofi, nisome kwa sauti kwamba mate yamesema kweli, halafu nione uso wako. Nikatoka dukani nikaenda steshenari kuchapisha. Umeme ulikuwa umekatika. Yule kijana akasema rudi kesho asubuhi, nami nikasema sawa, hamna haraka.

Jioni ile Bi Harusi alikataa pumba. Mama Yustina ndiye aliyenieleza baadaye. Na alfajiri alikataa tena, na ngozi ilikuwa na mabaka mekundu ya pembe nne mgongoni. Mara mbili. Sheria ni sheria.

Ijumaa nilichapisha karatasi yangu, nikaomba niwekewe na kifuko cha plastiki isichafuke, nikapanda bodaboda. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilipofika, watu walikuwa wengi kuliko nilivyotamani, na Bi Harusi alikuwa ameshapasuliwa kwenye majani ya migomba. Ulikuwa umeinama, mkono wa kulia umezama ndani mpaka karibu na kiwiko. Kitambaa ulichokuwa umefungia kidole gumba kilikuwa kinaelea kwenye karai. Nilikiona. Nilijua ulijikata na waya wa banda wiki ile ile, maana Jumatatu ulikuwa unatukana waya huo. Ukaitoa bandama, imevimba, nyeusi, ukaiminya kwa kidole kile kile, ikabonyea. Ukaiinua.

Ukaniona. "Bibi Mate! Umechelewa. Bandama imeshasema."

Watu walicheka, lakini kicheko kidogo, kwa kuwa walishaanza kuogopa mabanda yao. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye zipu ya begi. Nimeukumbuka mkono huo kila siku tangu hapo. Ningefungua tu. Ningesema Mjomba, toa mkono, nawa, kuna maneno hapa. Lakini bandama ilikuwa nyeusi kweli, nikaanza kuitilia shaka karatasi yangu mwenyewe. Nilisahau nilichofundishwa, kwamba kuna magonjwa ya bakteria yanayoivimbisha bandama vilevile. Wewe hukuwahi kujua hilo, mimi nilijua nikasahau, sijui nani mbaya zaidi. Na walikuwa wamecheka. Nikaiacha zipu. Nikarudi Kashaulili na karatasi yangu safi kabisa ndani ya plastiki.

Mpaka jua linazama, majirani watatu walikuwa wamechinja mabanda yao yote, hata vitoto, kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwepo. Wewe uliwaambia ni homa, na wewe hukuwahi kukosea.

Jumamosi kidole kilivimba. Ulisema ni waya. Jumapili ulikuwa na homa, unatetemeka, zahanati wakakupa dawa ya malaria kwa kuwa hukuwaambia kwamba umechinja nguruwe mgonjwa, na kwa nini uwaambie, homa ya nguruwe si haimdhuru mtu? Ulitufundisha wewe mwenyewe. Nilikuja jioni ya Jumapili. Mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndipo nilipofungua begi.

Nikakusomea karatasi. Nilisoma kwamba homa haipo, kwamba protini ziko juu, kwamba inaelekea ni bakteria. Mstari wa glavu niliuruka. Ukaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kukusikia nayo, "Imefika lini hii?"

Nikasema, "Leo, Mjomba. Imefika leo mchana."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Basi kumbe mate yanasema." Ulisema hivyo. Neno nililolitaka kuliko kitu chochote, na hakukuwa na mtu wa kulisikia zaidi ya Mama Yustina aliyekuwa anakukanda na maji ya uvuguvugu. Halafu ukaongeza, "Ingefika Alhamisi tu, Leo." Ulikuwa unaniita Leo ukiwa na furaha.

Jumatatu tulikufikisha hospitali. Daktari akauliza unafanya kazi gani, ulishika nini, lini. Nilimwonyesha karatasi. Alifanya alichoweza, alisema bakteria wameshaenea kwenye damu, na kwamba siku mbili tatu mapema mambo yangekuwa mengine. Alisema hivyo korido nzima ikisikia, bila kujua anamwambia nani. Jumatano asubuhi ulikwenda.

Mjomba, nguruwe wako wamepona. Wale majike wawili wadogo, ambao hukuwahi kuwachinja kwa sababu mkono ulianza kuuma. Wiki ile ile ya mazishi nilimleta daktari wa kata akawapiga penisilini, siku ya tatu wakaanza kugombania pumba. Wamenenepa. Wanatafuna kila kitu. Nilipowaona wanakula nilitaka kuwapiga teke. Sindano ile ile ingemtosha Bi Harusi, na wewe ungekuwa umekaa pale ukisema nimebahatisha.

Na sasa ni huyu Sabas. Anasema kamba zilitoka Misunkumilo na ugonjwa mdomoni, kwamba nguruwe wako walikuwa wazima mpaka siku niliyoleta wageni. Watu wanamsikiliza. Wale watatu waliomaliza mabanda yao wanamsikiliza zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuilaumu kamba kuliko kumlaumu marehemu. Anataka kesho iamuliwe kwamba mtafiti asikanyage tena Magamba, na mimi nisiitwe tena kwenye mambo ya ukoo. Wakifukuza kamba, watarudi kwenye bandama. Watafundisha watoto wao kuingiza mkono mtupu.

Karatasi ingemnyamazisha Sabas kwa dakika moja. Mate yale yalikamuliwa ile Jumatatu, saa hiyo hiyo kamba mpya ilipotundikwa, na protini zilikuwa zimeshapanda. Hakuna kamba inayoweza kupandisha protini ndani ya robo saa. Ugonjwa ulikuwa bandani kabla yetu. Karatasi inanitetea kabisa, Mjomba. Ila juu yake, upande wa kulia, kuna siku na saa ujumbe ulipoingia. Alhamisi, saa tisa mchana.

Ningeweza kukikata kile kipande cha juu. Jana nilishika mkasi, sikufichi.

Au ninyamaze tu. Nikinyamaza, Mama Yustina atanisemea. Juzi nilipokwenda kumsaidia kupeta mchele alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi nitasimama mbele ya Sabas. Wao wote walimwacha afe na ujuzi wake, wewe peke yako ulimletea majibu. Yangefika mapema ungemwokoa." Nilichukua ungo nikaendelea kupeta. Mchele ulikuwa mweupe tayari, hauna hata pumba moja, nikaendelea kupeta.

Kwa hiyo kesho mjane wako atasimama kuutetea uongo wangu bila kujua, siku ya arobaini yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ulikuwa unatuambia hivyo tulipoficha vidonda vyetu tukiwa watoto. Mimi nilificha dawa.

Nina hasira nawe, Mjomba, na sitaacha leo. Ulinilea ukanifanya niamini kwamba aliyejua ni lazima amshinde mwenzake mbele ya watu, bandama juu, makofi. Sikuwahi kukuona ukimwambia mtu jambo kwa siri ili asiaibike. Nilikuwa mwanafunzi wako mzuri mno. Ulinivalisha kamba, na mimi nikangoja nikuvalishe karatasi. Tofauti ni kwamba kamba yako haikuua mtu.

Mteja ameingia, anataka dawa ya minyoo. Ngoja.

Ameondoka. Alikuwa mama mmoja wa Misunkumilo, ana nguruwe wanne. Aliniuliza kama ni kweli kamba zinaleta ugonjwa. Nilimwambia si kweli. Akasema, "Mbona kwenu watu wanasema?" Nikamwambia aje kesho Magamba baada ya misa, atasikia.

Ndivyo nilivyoamua, Mjomba, kwa kumwambia mtu nisiyemjua jina. Leo mchana nafunga duka mapema niende kwa Mama Yustina kwanza, peke yetu wawili, nimwambie kabla ya wote, asiyasikie haya kikaoni. Hilo la kumwambia mtu faraghani silijui vizuri, hukunifundisha, nitajaribu. Akinifukuza nitalala kwa jirani, na kesho nitakuja kikaoni hivyo hivyo. Sabas akitaka kunitoa kwenye ukoo, atanitoa kwa kosa langu lenyewe. Kamba sitakubali aifukuze.

Lala, Mjomba. Kidole chako kipumzike. Majike wako nitawatunza, nitawatundikia kamba kila mwezi, na nikisikia lolote kutoka maabara nitapiga simu saa ile ile, hata kama ni kwa mtu aliyenitukana asubuhi. Hiyo ndiyo ahadi, sina nyingine.

Kesho nitasimama nisome karatasi yote. Nitausoma na ule mstari wa glavu. Nitaanza na tarehe.

Mpwa wako,
Leo